Uliza Shangazi: Motability baada ya bajeti

Tangu Rachel Reeves, waziri wa fedha wa Uingereza, asome bajeti yake tarehe 26 Novemba 2025, barua zinazoingia hapa karibu zote ni za magari. Mmoja kasikia kazini kwamba Motability, ule mpango wa mtu mwenye ulemavu kukodi gari kwa posho yake ya usafiri, imefungwa. Mwingine kaambiwa na shemeji yake kwamba magari yote yatarudishwa ikifika Julai. Haijafungwa, na hakuna anayerudisha gari. Ila mambo mawili yamebadilika kweli: magari yaliyomo kwenye orodha, na pesa utakayotoa mfukoni. Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi. Nimechagua barua chache na kupunguza salamu. Mimi mwenyewe polio ya utotoni iliniachia miguu ya kutembelea vyuma, naendesha kwa mikono, na gari langu ni la mpango huu huu, kwa hiyo msinitarajie nisiwe na upande.

Shangazi, shikamoo. Nina BMW ya Motability na mkataba unaisha Septemba. Rafiki zangu wananiambia watakuja kulichukua kabla. Halafu naomba unieleze, kwa nini tuadhibiwe sisi kwa sababu ya kelele za magazeti? – Baba wa watatu, Coventry

Marahaba, baba. Hakuna wa kuja kulichukua. Gari ni lako kulitumia hadi mkataba uishe, kwa masharti yale yale uliyotia saini. Ukienda kuagiza jingine ndipo utakapoona tofauti: BMW haimo tena, na Audi, Mercedes-Benz, Lexus na Alfa Romeo hazimo. Zilitolewa kwenye orodha mwezi huo huo wa Novemba, bajeti ikiwa mlangoni.

Kuhusu kuadhibiwa, nakubaliana nawe nusu. Waliokuwa wakipiga kelele kwamba serikali inawanunulia watu BMW hawakusema kweli. Posho ya usafiri ni ile ile kwa mwenye BMW na kwa mwenye Dacia. Gari likiwa ghali zaidi ya posho, kinachozidi unakilipa mwenyewe mwanzoni, na wewe unajua ulilipa kiasi gani. Kwa hiyo kuziondoa hizo nembo hakumrudishii mlipa kodi posho yako hata senti moja, kwani utaichukua tu na kuipeleka kwenye gari jingine.

Nusu ya pili ni hii, na unaweza kunikasirikia: nembo si mahali pa kuweka vita yetu. Kinachostahili kupiganiwa ni kuwa na magari ya kuchagua. Hadi miaka ya 1970, wengi waliostahili gari katika nchi hii walipewa kigari kimoja kisicho na mbadala, cha bluu, chenye magurudumu matatu na kiti kimoja. Kiliitwa Invacar. Mama hakuweza kumpakia mwanawe, mume hakuweza kutoka na mkewe, na upepo ukivuma barabara kuu ulikuwa unaomba dua. Motability ilianzishwa mwaka 1977 ili posho iweze kulipia gari la kawaida lenye viti vya familia. Vile vigari vya bluu vyenyewe vilikuja kupigwa marufuku barabarani mwaka 2003. Kwa hiyo mtu akiniambia orodha imepungua nembo tano, sishtuki. Akiniambia imepungua magari yenye milango ya kusukuma pembeni, au magari ya familia yenye buti refu (station wagon), hapo nasimama. Hayo yanazidi kuwa machache kila mwaka, watengenezaji wenyewe wameyaacha, na hakuna gazeti linaloyalilia.

Kwa upande wako, chukua karatasi uandike BMW hiyo inaufanyia nini mwili wako. Usiandike inavyopendeza. Kiti chake kina urefu gani kutoka chini? Kinasogea kwa umeme? Mgongo unauma baada ya muda gani? Ukiwa na karatasi hiyo, muuzaji wa gari jingine hawezi kukuzungusha. Na usishangae ukionyeshwa magari mengi zaidi yanayotengenezwa hapa hapa, kama Nissan za Sunderland. Motability imejiwekea lengo kwamba ikifika 2035 nusu ya magari inayochukua yawe yametengenezwa Uingereza.

Dada, mwanangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo, anapata DLA, ile posho ya ulemavu, sehemu ya usafiri ya kiwango cha juu. Kiti chake cha magurudumu hakikunjiki. Muuzaji ametupatia gari lenye buti kubwa, kianzio pauni 2,000, na anasema nikisubiri hadi Julai bei itapanda. Ni kweli, au ananisukuma? – Mama, Leicester

Ni kweli, na anakusukuma pia.

Nianze na jinsi pesa inavyokwenda, maana wengi wanatia saini bila kuelezwa. Posho ya mwanao, kwa mwaka ulioanza Aprili 2025, ilikuwa pauni 77.05 kwa wiki. Ukichukua gari linalokula posho yote, fedha hiyo haipiti tena mikononi mwako, inakwenda moja kwa moja kwa Motability kwa miaka mitatu. Posho ikipandishwa kila Aprili, nyongeza nayo inakwenda huko huko. Humo ndani kuna bima, matengenezo, tairi na kuvutwa gari likiharibika. Kama gari ni ghali kuliko posho ya miaka mitatu, tofauti unailipa siku ya kuchukua funguo. Hicho ndicho kianzio. Neno linawapotosha watu wakadhani ni amana itakayorudi mkataba ukiisha. Hairudi.

Bei za kianzio hubadilishwa kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Gari lile lile linaweza kuwa bila kianzio robo moja, na robo inayofuata likataka mamia ya pauni, bila kuongezwa hata kishikilia kikombe. Ukishaagiza, bei yako imefungwa hata gari likichelewa kufika. Hapo muuzaji wako hajakudanganya.

Julai hii ya 2026 linaongezeka jingine. Mikataba mipya itaanza kutozwa VAT ya asilimia 20 kwenye ile pesa unayoongeza juu ya posho, na kodi ya bima ya asilimia 12 upande wa bima. Zamani vyote vilisamehewa. Kwa hiyo kianzio chako cha 2,000, VAT yote ikishushwa kwako, kinakuwa 2,400, na kodi ya bima bado itatafuta pa kukaa. Posho yenyewe haikuguswa. Ndiyo maana wanasiasa wanasema hawajapunguza msaada wa mtu yeyote. Kwa maneno ni sawa. Lakini tazama hiyo VAT inamwangukia nani. Haimwangukii anayechukua gari dogo lisilo na kianzio. Inamwangukia anayelazimika kuongeza pesa, na wengi tunaongeza kwa sababu ya buti, urefu wa paa na gia za otomatiki. Mama mwenye kiti kisichokunjika hana namna ya kuchukua gari dogo.

Sasa neno moja kubwa, na ndilo lililonifanya niichague barua yako. Msamaha wa kodi umebaki kwa magari yaliyotengenezwa au kubadilishwa hasa kwa watumiaji wa viti vya magurudumu, yale ya rampu ambayo mtoto anaingia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mwanao ana miaka 9. Leo unambeba kutoka kwenye kiti hadi siti ya gari, kisha unakiinua kiti kwenda butini. Mkataba wa miaka mitatu ukiisha atakuwa na 12, na mgongo wako utakuwa na miaka mitatu zaidi ya kuinua. Kabla hujalipa 2,000 za buti, uliza gari la rampu. Mkataba wake kwa kawaida ni miaka mitano, kwa hiyo upime mtoto wa leo pamoja na kijana wa miaka 14.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mkalishe kwenye kiti chake na mto wake, viatu miguuni, kama anavyokwenda shule. Pima kutoka sakafuni hadi utosini, kisha hadi juu ya kile kishikio cha kichwa, chukua kilicho kirefu. Pima upana kwenye viwiko, siyo kwenye magurudumu, maana watoto wengi wenye mtindio mikono inatoka nje. Pima urefu kutoka nyuma ya gurudumu hadi ncha ya kiatu. Kamwambie muuzaji alete gari nyumbani, wa magari ya rampu huwa wanakuja, na walisimamishe pale pale unapoegesha kila siku, siyo kwenye uwanja wao uliosawazishwa kama meza. Rampu ikishateremshwa, itabaki nafasi ya wewe kusimama nyuma na kusukuma, au utakuwa katikati ya barabara? Akishaingia, ingia nawe, inama hadi macho yako yawe usawa na ya kwake, utazame nje. Kuna magari ambayo mtoto akiwa kwenye kiti macho yake yanakutana na kipande cha chuma juu ya dirisha, na safari nzima ya saa mbili anaona lami na magurudumu ya malori. Hilo halimo kwenye kijitabu cha mauzo, na mtoto asiyeongea vizuri hatakuambia.

Kianzio cha gari la rampu kinaweza kuwa maelfu, usizimie. Motability Foundation, ambalo ndilo shirika la hisani linalosimamia mpango, hutoa ruzuku kwa wasiomudu, kwa kianzio na kwa vifaa. Wataangalia mapato na akiba ya nyumba, watataka karatasi, na itachukua muda. Omba kabla ya kuchagua rangi. Ruzuku hiyo italenga gari linalotosheleza hitaji kwa gharama nafuu, siyo lile lililokupendeza.

Na kama baada ya yote hayo bado unataka lile la buti, gawa kianzio kwa wiki. Miaka mitatu ni wiki 156, kwa hiyo 2,000 ni kama pauni 12.80 kwa wiki juu ya posho, na 2,400 ni kama 15.40. Sema namba hiyo kwa sauti mbele ya mwenzio. Mtu anayekataa kulipa pauni 15 kwa wiki hutia saini 2,400 akiwa anatabasamu, kwa sababu ameketi ndani ya gari jipya. Ukiamua kuagiza kabla ya Julai, mwambie muuzaji akuandikie kwa barua pepe kama, kwa kodi hizi mpya, kinachohesabika ni siku ya kuagiza au siku ya kukabidhiwa funguo. Ya mdomo usiyakubali.

Shangazi, kila nikienda naonyeshwa magari ya umeme. Ya petroli yapo lakini kianzio chake kinatisha. Ninakaa London, ghorofa ya tatu, lifti ipo, maegesho ni ya mtaani. Natembea kwa magongo mawili. Nikubali? – Mpenzi wa petroli

Unavyoonyeshwa hivyo si bahati mbaya. Serikali inawataka watengenezaji wa magari wafikishe kiwango fulani cha magari ya umeme katika mauzo yao: asilimia 28 mwaka 2025, asilimia 33 mwaka 2026, hadi asilimia 80 mwaka 2030. Asiyefikia anakabiliwa na faini. Kwa hiyo punguzo linawekwa kwenye umeme, na gari la petroli linabaki na bei yake kavu. Wewe unaona matokeo yake kwenye safu ya kianzio.

Ila bei ya umeme nayo inayumba. Kampuni inayoendesha mpango hununua gari jipya, inakukodisha, kisha inaliuza likirudi. Kianzio chako kinategemea wanachodhani watalipata siku ya kuliuza. Magari ya umeme yaliyotumika yaliposhuka bei, kampuni hiyo ilipata hasara ya zaidi ya pauni milioni 500 katika mwaka mmoja wa hesabu ulioisha 2024. Ukisikia mtu anasema Motability inaogelea kwenye pesa, mkumbushe mwaka huo.

Kwako wewe, bei ni nusu ya hadithi. Anayechaji nyumbani analipa VAT ya asilimia 5 kwenye umeme wake. Anayechaji mtaani analipa asilimia 20, juu ya bei ambayo tayari ni kubwa zaidi. Huna ua, kwa hiyo wewe ni wa mtaani. Uliza mpango utakupa nini badala ya ile chaja ya ukutani wanayofungiwa wenye nyumba, na upige hesabu kwa bei ya chaja iliyo karibu nawe, si kwa bei ya tangazo.

Nusu nyingine ni mwili. Nenda kwenye chaja hiyo jioni, saa unayorudi kutoka kazini, na magongo yako. Usimtume mdogo wako. Mimi nilifanya hivyo wakati wa baridi. Nguzo ilikuwa juu ya ukingo wa barabara, kebo imekakamaa kwa baridi na nzito kuliko nilivyotarajia, na kichwa chake kinataka mikono miwili. Mwenye magongo mikono miwili anaitoa wapi? Nililiegemea gari kwa nyonga, gongo moja likaanguka chini, nikamaliza. Siku kavu inawezekana. Siku ya barafu sitarudi. Tangu 2022 kuna kiwango cha kitaifa cha chaja zinazofaa watu wenye ulemavu, PAS 1899, kinachoeleza urefu wa skrini, nafasi ya kupita, hata uzito wa kebo. Kufuata kiwango hicho ni hiari, na mtaani kwangu hiari hiyo haijaonekana.

Halafu betri inakaa chini ya sakafu, kwa hiyo mengi ya haya magari yameinuka. Kwa magongo hilo linaweza kuwa baraka, unarudi nyuma na kuketi bila kuzama. Kwa mwenye kiti cha magurudumu anayejivuta kwa mikono ni mlima. Kalia zaidi ya moja kabla ya kusema lolote.

Nisiwe mchoyo, lina utamu wake. Gia ni za otomatiki siku zote. Na kama siku moja utaendesha kwa mikono kama mimi, jaribu ule mtindo ambao ukiachia kiongeza mwendo gari linajipunguza lenyewe hadi karibu kusimama. Kifundo changu cha mkono kilichokuwa kinavimba kwenye foleni kilipona, kwa sababu siusukumi tena mkono wa breki kila hatua kumi.

Ukiniuliza kwa ghorofa ya tatu na maegesho ya mtaani: jaribu kwanza haibridi ya kawaida isiyochomekwa, yaani gari la petroli lenye betri ndogo inayojichaji yenyewe. Kama kianzio chake kinakushinda, chukua umeme tu ikiwa kuna chaja mbili, siyo moja, unazoweza kuzifikia kwa magongo. Moja itakuwa imeharibika siku unayoihitaji.

Shikamoo Shangazi. Bibi yetu ana miaka 71, anapata Attendance Allowance, ile posho ya matunzo ya wazee. Tunataka tumchukulie gari kabla ya Julai. – Wajukuu, Manchester

Marahaba, wajukuu. Haiwezekani. Attendance Allowance haina sehemu ya usafiri, na mpango unataka posho ya usafiri ya kiwango cha juu: PIP (posho ya ulemavu ya watu wazima), DLA, zile za Scotland, au za waliokuwa jeshini. Maombi mapya ya PIP hayapokelewi ukishapita umri wa pensheni ya serikali. Kama bibi alikuwa na DLA au PIP ya usafiri kabla ya umri huo na bado anaipata, hilo ni jambo jingine, niandikieni tena. Kama sivyo, mwombeeni Blue Badge, kibali cha kuegesha cha wenye ulemavu, kwenye halmashauri, itamfaa kwenye gari la yeyote kati yenu.

Mambo Aunty. Gari ni la mama, mimi ni dereva niliyeandikwa. Yeye hatoki sana. Nikipeleka vyakula jioni ili tufidie kianzio, kuna shida? – Kijana, Birmingham

Poa. Shida ipo. Gari ni kwa manufaa ya mama, na bima yake haihusu kupeleka vyakula wala abiria wa kulipa. Ukigonga mtu ukiwa na begi la pizza nyuma, bima itakukana, na mama ndiye atakayenyang'anywa gari. Wewe kumwendea dukani au kumchukulia dawa, hiyo ni kazi yake na inaruhusiwa. Na jueni kwamba kwenye mpango huu sasa wanafuatilia matumizi kuliko zamani. Tafuta baiskeli.

Shangazi, nina miaka 27, nilikatwa mguu wa kulia. PIP yangu ya usafiri ni ya kiwango cha juu lakini inaisha miezi 15 ijayo. Nimeweka akiba pauni 3,000. Niiweke kwenye kianzio, au ninunue gari lililotumika liwe langu moja kwa moja? – Sina uhakika, Luton

Pole, mwanangu, na hongera kwa akiba.

Kwanza, unaruhusiwa kuomba. Mpango unataka posho iwe imebakiza angalau miezi 12, nawe una 15. Tatizo ni kitakachotokea ukipimwa upya ukashushwa kiwango. Gari litarudi, na utapewa wiki kadhaa tu, siyo miezi ya kukata rufaa. Kianzio hakipotei chote, utarudishiwa kwa hesabu ya muda uliobaki. Chukulia miezi 36 kwa 3,000: ukirudisha baada ya 15, miezi 21 iliyobaki ni kama pauni 1,750. Omba wakuonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi zao kabla ya kutia saini. Kwa hiyo akiba hauiteketezi, unaifunga mahali ambapo haitakusaidia siku ya dharura.

Upande wa pili wa mizani: ukinunua lako, posho yako inaendelea kuingia benki, zaidi ya pauni 4,000 kwa mwaka. Kwa PIP ya usafiri ya kiwango cha juu unasamehewa kodi ya barabara hata kwenye gari lako mwenyewe, wengi hawajui hili. Ukishushwa kiwango, gari linabaki mlangoni. Kwa mguu wa kulia utahitaji otomatiki yenye kikanyagio cha mafuta cha mguu wa kushoto, na kifaa hicho kikifungwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu hakitozwi VAT hata kwenye gari la binafsi. Kwenye Motability vifaa vingi vya namna hiyo hufungwa bila malipo ukiviagiza pamoja na gari.

Kinachovunja hesabu ya gari la mtumba kwa watu wa umri wako ni bima. Wenzako wamenunua gari la 3,000 wakaletewa bima inayokaribia bei ya gari, kisha gia za otomatiki zikafa mwaka wa kwanza, na gia za otomatiki hazitengenezwi kwa bei ya urafiki. Motability inabeba mizigo yote miwili.

Mimi ningekuwa wewe ningeangalia kwanza magari yasiyo na kianzio. Bado yapo kwenye orodha kila robo, mengi ni madogo, na kwa mtu mmoja mwenye mguu mmoja wa bandia gari dogo linatosha. Na kwa kuwa huongezi pesa juu ya posho, VAT ya Julai haina cha kukamata kwako. Zile 3,000 zinabaki benki zikingoja barua ya PIP: ikija vizuri umebaki na akiba, ikija vibaya unarudisha gari na siku hiyo hiyo una pesa ya kununua lako.

Lakini leo, kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote, tafuta bei ya bima kwa gari moja la mtumba ulitakalo, kwa anwani yako halisi na kifaa cha mguu wa kushoto kikiwa kimetajwa. Ikija chini ya nusu ya posho yako ya mwaka, niandikie tena, maana hapo jibu langu linaweza kubadilika.